Kusikiliza metali ukiwa na masikio mepesi: mwongozo kwa msikilizaji na mlezi wake

Mtu mwenye hisi nyepesi si lazima auchukie muziki wa metali, yaani roki nzito yenye magitaa makali. Wapo wenye usonji ambao toazi moja likilia wanatokwa na machozi, na wapo wengine, wenye usonji vilevile, ambao gitaa zito linalorudia mchoro uleule ndilo huwatuliza baada ya siku nzima ya honi za teksi na vipaza sauti vya mahubiri. Mara nyingine ni mtu huyohuyo: Jumatatu wimbo umemfaa, Ijumaa umemuumiza. Kwa hiyo ukiuliza kama metali inamfaa au haimfai, hutapata jibu la maana. Uliza ni sehemu gani ya sauti inayomuumiza, ikiwa kubwa kiasi gani, akiwa katika hali gani, na nani ameshika kitufe cha sauti. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: sauti ileile anayoivumilia mtu anayeweza kuizima humwelemea asiyeweza.

Mwongozo huu ni wa msikilizaji mwenyewe, na wa mzazi, mlezi au mwalimu aliye karibu naye. Unawahusu wenye usonji, wenye kipandauso, wenye masikio yanayoona sauti za kawaida kuwa kubwa mno, na wengi ambao hali yao haijawahi kupewa jina na daktari yeyote. Hii si deko wala ukaidi. Tangu mwaka 2013, vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, vinavyotumika kutambua usonji vinataja waziwazi kupokea sauti, mwanga au mguso kwa ukali usio wa kawaida, na pia kinyume chake, yaani kupokea kidogo mno hata mtu akatafuta zaidi.

Hatua ya 1: Ichambue sauti

Metali ilizaliwa Uingereza, hasa Birmingham, mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo imetoa matawi mengi sana. Mtu anaweza kuumizwa na tawi moja na kusinzia kwenye jingine. Kabla ya kusema "siiwezi metali", tenganisha vitu vinavyogonga sikio.

Magitaa. Distoshoni hukata vilele vya mawimbi ya sauti ya gitaa, na wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingine nyingi juu yake. Noti moja inajaza eneo pana, likiwemo lile la hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 5,000, ambalo sikio la binadamu hulisikia kwa ukali kuliko mengine kwa sababu mfereji wa sikio wenyewe hulikuza. Anayesema "inanikwaruza" au "inanichoma ndani" mara nyingi anazungumzia hapa. Lakini gitaa hili lina uzuri wake: halishtukizi. Likishaanza linabaki palepale, na wengi hulizoea ndani ya dakika moja au mbili kama wanavyozoea mvumo wa feni.

Matoazi yako juu zaidi, kuanzia hezi 3,000 hadi kupita 10,000, na katika tawi liitwalo bleki metali hupigwa karibu wimbo mzima bila kupumzika. Iyafoni nyingi za bei ya chini huzidisha eneo hili, hivyo mtu huulaumu muziki kumbe kosa ni la kifaa.

Ngoma ya mguu ina sauti mbili ndani ya pigo moja. Kuna mshindo wa chini, hezi 50 hadi 100, unaosikika kifuani na kwenye kiti, na kuna mgoto mkavu wa juu ambao mafundi wa studio huukoleza makusudi ili mapigo ya kasi yasichanganyikane. Mpigaji mwenye kanyagio mbili hufikisha zaidi ya mapigo kumi kwa sekunde. Tenganisha hizo mbili unapochunguza, kwa sababu dawa yake si moja: mgoto unapunguzwa kwa ikwalaiza (kirekebishi cha sauti za juu na za chini kwenye simu) na viziba masikio, mshindo unapita kwenye mwili na hauzuiwi na kiziba chochote.

Sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkavu, hutoa pigo fupi la ghafla. Likipigwa peke yake baada ya ukimya, hushtua kuliko likipigwa mfululizo.

Sauti ya mwimbaji inahitaji uangalifu wa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba yowe la hofu hupanda na kushuka nguvu kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba mkwaruzo huo huamsha sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari. Uimbaji wa mayowe na wa kunguruma una mkwaruzo wa jamaa hiyo. Ndiyo maana mtoto anaweza kukimbia chumba hata redio ikiwa chini kabisa, na kumwambia "mbona nimeshapunguza" hakumsaidii. Tatizo lake ni umbo la sauti, si ukubwa wake.

Mwisho kuna mipito: wimbo unanyamaza nusu sekunde kisha ala zote zinaingia pamoja. Kwa wengine hili ndilo tatizo pekee.

Jambo moja huwashangaza wazazi. Rekodi nyingi za metali za miaka ya karibuni zimebanwa studio hata nguvu ya sauti ikawa karibu sawa mwanzo hadi mwisho, na kwa mtu anayeogopa kushtuliwa, hilo ni afadhali kuliko filamu yenye minong'ono na milipuko. Ila sikio halipati mapumziko, na uchovu huingia polepole bila mtu kujua. Basi anayestarehe kwa sababu muziki hauna ghafla awe mwangalifu na muda. Ambaye anaumia tangu sekunde ya kwanza, tatizo lake liko kwenye eneo la sauti au kwenye mkwaruzo.

Hatua ya 2: Fanya jaribio dogo

Chagua siku msikilizaji amelala vizuri na amekula. Usifanye jaribio jioni ya siku aliyopita Old Taxi Park, kituo cha teksi chenye msongamano mjini Kampala, au aliyokaa kanisani karibu na spika, kwa kuwa hisi zilizokwisha kuelemewa hukataa kila kitu na matokeo hayatakuwa ya kweli.

Tafuta nyimbo tatu zisizofanana: mmoja wa polepole wenye sauti ya kuimba ya kawaida, mmoja wa kasi wenye kunguruma, na mmoja usio na mwimbaji kabisa. Mwonyeshe kitufe cha kuzima na mwache akizime mara moja au mbili kwa kujaribu, kabla ya kuanza. Piga kila wimbo kwa sekunde 60 hadi 90 kwa sauti ya chini, ukiacha dakika tano za ukimya katikati. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha wimbo, hedifoni na chumba kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Kwa asiyezungumza, soma mwili. Kuziba masikio au kukunja uso papo hapo matoazi yanapoingia kunaelekeza kwenye sauti za juu. Kuinuka kutoka kwenye kiti, kushika kifua au tumbo, au kuvua hedifoni huku akibaki mtulivu mbele ya spika ndogo, huelekeza kwenye mshindo wa chini au kwenye mguso wa hedifoni zenyewe. Kutikisa kichwa au kuyumba kwa mdundo si dalili mbaya. Watu wengi wenye usonji hujituliza kwa mwendo unaorudiarudia, na muziki wenye mdundo thabiti huwapa mahali pa kuuegemeza. Usimzuie.

Andika yote kwenye daftari: tarehe, wimbo, kifaa, kiwango cha sauti kwenye simu, muda, na kilichotokea ndani ya saa mbili zilizofuata. Hizo saa mbili zina maana, kwani kwa wengine maumivu ya kichwa au hasira huja baadaye, muziki umeshazimwa.

Hatua ya 3: Weka kiwango cha sauti

Shirika la Afya Duniani, WHO, linatumia kipimo hiki kwa vifaa vya kusikilizia: mtu mzima desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa mtu mzima, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu, na 95 ni saa moja na robo kwa wiki nzima. Mashabiki wengi husikiliza kwenye tarakimu hizi za mwisho bila kujua.

Elewa kwamba hiyo ni mipaka ya kulinda sikio lisiharibike. Mpaka wa starehe kwa mwenye hisi nyepesi uko chini yake sana, mara nyingi karibu na sauti ya mazungumzo, ambayo ni kama desibeli 60. Kuupata, keti kwenye chumba kimya, shusha sauti hadi sifuri, anzisha wimbo, kisha panda hatua mojamoja hadi ngoma na gitaa vitengane masikioni. Simama hapo. Mtu aliye umbali wa mkono akisema kwa sauti ya kawaida, unapaswa kumsikia. Usivuke asilimia 60 ya kiwango cha simu.

Kwenye iPhone fungua mipangilio ya sauti, ingia sehemu ya usalama wa hedifoni, washa kipunguza sauti kubwa na uweke desibeli 75. Simu nyingi za Samsung zina kikomo cha sauti ya muziki ndani ya mipangilio ya sauti, na mzazi anaweza kukifunga kwa namba ya siri. Kwa kijana mkubwa tunashauri mkubaliane kikomo badala ya kumfungia: akiona kimewekwa dhidi yake atatafuta simu nyingine. Programu za kupima desibeli zinafaa kwa spika ya chumbani, ingawa hukosea kwa desibeli kadhaa. Haziwezi kupima kilicho ndani ya hedifoni.

Sasa kosa la kawaida kuliko yote hapa kwetu, nalo ni kuongeza sauti ili kuishinda kelele nyingine. Mvua ya Aprili inapiga mabati, muziki hausikiki, kitufe kinapandishwa mara nne. Mvua inakatika, kitufe kinabaki kulekule. Ni hivyo hivyo ndani ya teksi, nyuma ya boda boda, na jirani anapowasha jenereta. Kanuni ni rahisi: kelele ya nje ikipanda, simamisha wimbo hadi itulie, au hamia kwenye hedifoni zinazofunika sikio lote. Usifuatie kelele. Nyuma ya boda usisikilize kabisa. Masikio yako yanahitajika barabarani.

YouTube ina tatizo lake: tangazo huingia katikati na sauti tofauti, kisha wimbo unaofuata hujichagua wenyewe. Kwa mtu anayehitaji kujua kinachokuja, hilo linaharibu kila kitu ulichopanga. Zima kipengele cha kuendelea chenyewe, au bora zaidi, nunua au pakua nyimbo kihalali zikae kwenye simu, kwa mpangilio uliouchagua. Spotify ina mpangilio wa kusawazisha ukubwa wa nyimbo wenye ngazi tatu. Chukua ile tulivu.

Hatua ya 4: Kifaa na ikwalaiza

Hedifoni zinazofunika sikio zima ni bora kuliko iyafoni za kuingiza ndani, kwa sababu huzuia kelele ya nje bila kujaza mfereji wa sikio. Zina kasoro mbili. Joto na jasho huwachosha wenye ngozi nyepesi, na mkandamizo wake kichwani unaweza kuumiza kuliko muziki. Zikibana, zinyooshe juu ya rundo la vitabu lenye upana wa kichwa chako na uziache usiku mzima. Anayevaa miwani achague zenye mito laini.

Za bluetuthi zina kero ambayo wauzaji hawaitaji: mlio mkali au sauti ya mtu inayotangaza kwamba betri inaisha. Mlio huo hauzingatii kiwango ulichoweka. Kwa mtoto anayeshtuka, waya ni salama zaidi, na umeme ukikatika haujali. Zile zinazofuta kelele za nje kwa betri husaidia sana dhidi ya mvumo wa injini na jenereta, lakini baadhi ya watu huhisi kama masikio yamezibwa na shinikizo. Jaribu dukani dakika kumi kabla ya kulipa. Iyafoni za kuingiza, ikiwa ndizo ulizo nazo, zinahitaji mpira wa saizi inayolingana na sikio; ukiwa mdogo, besi hutoroka na zinabaki sauti kali za juu tupu.

Katika metali, gitaa la mdundo kwa kawaida hurekodiwa mara mbili, moja ikaenda sikio la kushoto na nyingine la kulia. Anayesikiliza kwa sikio moja tu, au mwenye sikio moja lililo kali kuliko jingine, hupata muziki uliopinda na uchovu wa haraka. Washa sauti ya mono, ambapo masikio yote mawili hupata sauti ileile, kwenye mipangilio ya ufikivu wa simu. Ni badiliko dogo, na kwa wengine linatosha.

Ikwalaiza nyingi za simu za Android zina vijiti vitano, karibu na hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Anza na vyote katikati. Kama malalamiko ni mkwaruzo au kuchomwa, shusha 3,600 kwa desibeli 3, sikiliza dakika mbili, kisha ongeza upunguzaji hadi 6 ikibidi. Matoazi yakiendelea kusumbua, shusha 14,000 kwa 3 hadi 5. Kama ni kifua kinachogongwa, shusha 60 kwa 4 hadi 6 na uache vingine. Kila mara punguza kinachouma, usipandishe kingine. Kupandisha kunajaza nguvu ya sauti yote na kuleta mpasuko, na watu wengi hukosea hapa: wanashusha za juu, wimbo unaonekana umefifia, wanapandisha sauti nzima, na maumivu yanarudi yalivyokuwa. Vumilia huo ufifi kwa siku chache, sikio litauzoea.

Ukitumia spika, iondoe kwenye kona. Ukuta mmoja huongeza besi, kona huiongeza zaidi, na sakafu ya saruji hupeleka mtikisiko hadi kitandani chumba cha pili. Iweke juu ya mkeka mnene au povu, mbali na kuta, na utundike blanketi au pazia zito kwenye ukuta unaoitazama. Nyumba ya kuta tupu na dari ya mabati hurudisha sauti za juu, ndiyo sababu wimbo uleule huumiza sebuleni na hauumizi chumbani penye godoro na nguo. Na majirani wana haki yao: Uganda ina kanuni za kelele zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na usiku mipaka yake ni ya chini zaidi.

Hatua ya 5: Chagua tawi

Kwa anayechukia ghafla, dumu metali hufaa kuanzia: ni ya polepole, mchoro mmoja hurudiwa kwa dakika nyingi, matoazi ni machache. Lakini besi yake ni nzito, kwa hiyo haimfai anayeumizwa kifuani. Pawa metali ina mwimbaji wa kuimba wazi, haina kunguruma, ila sauti zake ni za juu. Thrashi ina kasi na sneya nyingi. Bleki metali ni ukuta wa matoazi na gitaa. Ama mtu huutumbukia kama mvua ama hawezi hata dakika. Dethi metali yenye ufundi mwingi hubadilisha mdundo kila mara, na kwa anayetegemea kutabiri ndiyo ngumu kuliko zote. Metali bila mwimbaji ni mlango mzuri kwa aliyegundua katika jaribio kwamba tatizo lake ni mayowe.

Anayetaka ya karibu na nyumbani ajue kwamba Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni kali sana, yenye kelele za elektroniki na mayowe. Isiwe ya kuanzia kwa mwenye hisi nyepesi.

Hatua ya 6: Panga muda

Wiki ya kwanza, dakika 10 kwa siku, saa ileile, mahali palepale. Zisipoleta uchovu ndani ya saa mbili, ongeza dakika 5 wiki inayofuata. Baada ya kila dakika 30 weka 10 za ukimya kamili, bila televisheni. Siku ya safari ndefu, ya sherehe au ya hedhi yenye kipandauso, rudi kwenye 10 au uache kabisa.

Wengi huuliza kama metali huongeza hasira. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichukua watu 39 wa miaka 18 hadi 34, wakawakumbusha mambo yaliyowakasirisha, kisha wengine wakasikiliza muziki mkali waliouchagua wenyewe kwa dakika 10 na wengine wakakaa kimya. Muziki haukuwazidishia hasira. Lakini hao walikuwa mashabiki tayari, na walijichagulia nyimbo. Usiuchukue utafiti huo ukamwekea metali mtu ambaye hakuiomba.

Kwa sababu hiyohiyo, usimkazie mtoto asikilize "ili azoee". Kuzoea kunakuja pale anapoweza kuzima. Anayelazimishwa hujifunza kwamba sauti huja na mtu asiyemsikiliza, na woga huongezeka. Mazoezi ya kupunguza wepesi wa masikio yapo, hufanywa polepole sana, na yanapaswa kusimamiwa na mtaalamu.

Kuna vijana wa upande wa pili, wanaotafuta sauti nyingi. Hao huweka spika kifuani, hupandisha hadi mwisho, na hufurahi. Wape mshindo bila kuyaumiza masikio: spika ndogo igusane na kiti au mto wa mgongoni, sauti ya hedifoni ibaki chini. Wanafunzi wa bweni, ambao muhula mzima hawana simu, hurudi likizo na kutaka kufidia miezi mitatu kwa siku mbili. Siku tatu za kwanza za likizo ndizo za kuangalia zaidi.

Neno kwa wazazi wanaouona muziki huu kuwa wa shetani. Maneno ya nyimbo ni jambo la kuzungumza, na ni haki yenu kukaa na mwanenu mkayasoma pamoja, mengine mkayakataa. Ila msichanganye hilo na suala la masikio. Mtoto anayepiga kelele sauti ikiingia hajapagawa, hisi zake zimeelemewa. Na kijana anayekatazwa kabisa mara nyingi husikiliza usiku chini ya blanketi, iyafoni zikiwa juu kabisa, bila mtu wa kumwona akichoka.

Hatua ya 7: Kwenda kwenye shoo

Shoo za metali Uganda ni chache kuliko za Nairobi, lakini magitaa yenye distoshoni na spika za kutisha utavikuta pia kwenye matamasha ya aina nyingine, Kampala na Jinja. Miongozo ya WHO ya mwaka 2022 inataka kumbi zisivuke wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Usitegemee kwamba ukumbi unapima.

Viziba masikio vya povu hupatikana kwenye maduka ya dawa na yale yanayouza vifaa vya usalama vya wajenzi. Osha mikono. Viringisha kiziba hadi kiwe chembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 hadi kitanuke. Sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani, kimekaa. Kikichomoza nje, hakijakaa, na kinga yake ni ndogo sana. Pamba na tishu havilindi. Povu hukata sauti za juu zaidi ya za chini, hivyo muziki husikika kama uko nyumba ya pili; viziba vya wanamuziki vyenye chujio hupunguza kwa usawa zaidi, kama desibeli 15 hadi 20, na wenye kukerwa na ufifi huvipenda. Mtoto mdogo avalishwe vikombe vya kufunika masikio. Vyovyote utakavyochagua, vaa nyumbani nusu saa kwa siku kadhaa kabla, ili siku ya shoo isiwe siku ya kuzoea vitu viwili.

Fika mapema, kabla ya umati. Tafuta mlango wa kutokea, choo, na mahali pa nje penye giza na utulivu. Simameni karibu na meza ya fundi wa sauti, maana hapo ndipo sauti imepangwa isikike vizuri. Epukeni mbele ya spika, kona na kuta. Kubalianeni ishara ya mkono yenye maana ya "tutoke sasa", na ikitolewa mnatoka bila swali hata kama bendi kuu ndiyo inapanda. Dereva wa kurudi apatikane kabla, kwani kutafuta boda saa sita usiku ukiwa umeelemewa ni mateso.

Taa zinazomemeka ni hatari ya kweli kwa baadhi ya wenye kifafa, hasa zinapowaka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Mwendee fundi wa taa mapema, kwa adabu: "Kaka, pole na kazi. Nimekuja na ndugu yangu mwenye kifafa. Taa za kumemeka zitatumika? Tungeomba utuashirie kabla." Zikiwaka ghafla, kufumba macho hakutoshi, mwanga hupenya kope. Ziba jicho moja kwa kiganja na ugeuke pembeni.

Akizidiwa

Dalili za mwanzo ni maneno kupungua, kuziba masikio, kujikuna, kutembea huku na huko, uso kuwa mwekundu au mkavu, au kucheka kusiko na sababu. Usingoje kilio. Zima muziki bila kuuliza. Punguza taa. Sema sentensi moja fupi: "Nimezima. Tuko salama." Usimshike ila umejua anapenda kushikwa. Mpe maji. Kaeni kimya angalau dakika 20. Usimhoji wala usimpe somo wakati huo, na usimwadhibu baadaye kwa alichovunja au kusema. Kesho yake, akiwa ametulia, andikeni pamoja kwenye daftari kilichotangulia.

Jambo moja kuhusu viziba: usimvalishe kutwa nzima nyumbani penye sauti za kawaida. Sikio lililozoea ukimya huongeza wepesi wake, na baada ya wiki chache hata kijiko kwenye sahani kinaweza kuuma. Viziba ni vya kelele kubwa.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo ikiwa mlio masikioni haujaisha baada ya siku moja, kama usikivu umebaki umefifia baada ya shoo, au kama sauti za jikoni zimeanza kuuma. Sikio moja likiacha kusikia ghafla, nenda siku hiyohiyo. Tiba yake hufanya kazi zaidi ikianza mapema. Hospitali ya Mulago ina idara hiyo. Kwa kuelemewa kwa hisi kunakoleta kujiumiza, kukosa usingizi au kukataa shule, omba kuonana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo au wa afya ya akili. Butabika ni hospitali ya rufaa ya taifa kwa afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuelekeza.

Chukua daftari lako. Mwonyeshe daktari ni sauti za juu au za chini zinazouma, kwa kiwango gani kwenye simu, baada ya dakika ngapi, sikio lipi, na dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa, kama aspirini kwa dozi kubwa, kwinini na sindano za gentamisini, huathiri masikio. Mtaje na muziki wenyewe bila kuona haya.